Zebaki katika Samaki: Maswali na Majibu kwa Walaji wa Kigoma na Tabora

Nimesikia samaki wana zebaki. Niache kula?

Usiache. Dagaa na migebuka vinampa mtoto protini, madini na mafuta yanayojenga ubongo, na hakuna kitu cha bei hiyo kinachoziba pengo lake sokoni. Kinachohitaji kuangaliwa ni aina ya samaki, ukubwa wake, na unamla mara ngapi kwa wiki.

Zebaki inafikaje majini?

Kiasi fulani kimo ardhini tangu zamani. Kingine hutokana na moto wa misitu, makaa ya mawe na uchenjuaji wa dhahabu. Wachimbaji wadogo, kama wale wa Nzega, huichanganya na mchanga uliosagwa ili ishike dhahabu, kisha huichoma. Maji mengi ya Nzega huelekea bonde la Manonga na Wembere, hayaji Ziwa Tanganyika. Lakini mvuke husafiri na upepo, ukashuka na mvua mbali sana.

Kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, na hii ndiyo inayong'ang'ania mwilini. Vijimea na vijidudu vya majini huibeba, dagaa huvila, mgebuka humla dagaa, sangala humla mgebuka, na kila hatua kiasi huongezeka. Kukaanga, kubanika au kutoa ngozi hakusaidii, kwa kuwa imeshikana na protini ya mnofu wenyewe.

Kiasi gani ni kingi?

Mwaka 2003 kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, iliweka kikomo cha maikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kwa wiki. Mama wa kilo 60 ana nafasi ya maikrogramu 96. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, samaki ana miligramu 0.3 (maikrogramu 300) kwa kilo: gramu 320 zinamaliza nafasi yake yote ya wiki. Samaki akiwa na miligramu 0.05, mama huyo anaweza kula zaidi ya kilo moja na nusu.

Watafiti hupimaje samaki?

Makosa mengi hutokea mwaloni, kabla maabara haijagusa chochote. Ukinunua sangala wakubwa Kibirizi na perege wadogo kwenye bwawa la Igombe, halafu ukatangaza kwamba Kigoma ina zebaki kuliko Tabora, umelinganisha umri na spishi, si maeneo. Kwa hiyo kila samaki hupimwa urefu na uzito, na jina la spishi huandikwa papo hapo. Nunua kwa wauzaji tofauti, siku tofauti, kiangazi na masika.

Mnofu hukatwa mgongoni, chini ya pezi, kwa kisu kinachooshwa kila baada ya samaki mmoja. Hutiwa kwenye mfuko safi wenye namba, huwekwa kwenye barafu, kisha hugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Dagaa ni wadogo mno, hivyo huchanganywa wengi na kusagwa pamoja kama sampuli moja.

Halafu kuna mtego wa uzito. Dagaa mkavu amepoteza maji, kwa hiyo kilo yake ina zebaki mara kadhaa kuliko kilo ya dagaa mbichi, ingawa ni dagaa wale wale. Ripoti isiyosema kama imepima wakavu au wabichi haifai kulinganishwa na nyingine.

Maabara nayo lazima ipime chupa tupu isiyo na samaki, sampuli ileile mara mbili, na unga wa samaki ambao kiasi chake cha zebaki kinajulikana. Unga huo ukitoa jibu lisilo lake, majibu ya siku hiyo hayaaminiki.

Kwa nini watafiti huomba nywele za walaji?

Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo sentimita 3 za karibu na ngozi hueleza miezi mitatu ya ulaji. Hukatwa kisogoni, na upande wa kichwani hufungwa uzi ili usichanganywe. Rasta za dukani zisiingie humo.

Uliza pia kuhusu krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi zina zebaki isiyo ya methili. Hiyo huonekana zaidi kwenye mkojo, na inaweza kuchafua nywele kwa nje. Usipouliza, utamlaumu samaki kwa kosa la krimu.

Nywele zikiwa na zebaki nyingi, imethibitika mtu ameumia?

Hapana. Kipimo cha siku moja kinaonyesha alichokula tu. Madhara hujulikana kwa kufuatilia watoto kwa miaka, kama ilivyofanyika visiwa vya Faroe kwa waliozaliwa 1986 na 1987, ambako chanzo kikubwa kilikuwa nyama ya nyangumi.

Mjamzito ale nini?

Dagaa, perege na migebuka wadogo, mara mbili au tatu kwa wiki. Sangala mkubwa awe wa mara moja moja. Nusu ya zebaki ya methili huchukua takriban siku 50 kutoka mwilini, kwa hiyo anayepanga mimba apunguze samaki wakubwa miezi kadhaa kabla. Na kama nyumbani kuna mtu anayechoma dhahabu, achomee mbali na nyumba, kamwe si jikoni: mvuke ule humfikia mtoto bila kupitia samaki yeyote.