Jibini si shakuteri

Shakuteri ni ufundi wa kuandaa nyama, hasa ya nguruwe, kwa chumvi, moshi, kukausha au kuipika taratibu ndani ya mafuta yake ili idumu. Ni jina la vyakula vinavyotokana na ufundi huo, na pia la duka linaloviuza. Basi. Jibini haimo, zabibu hazimo, na ubao unaopangiwa vitu hivyo haumo. Lakini siku hizi chochote kikipangwa vizuri juu ya ubao huitwa shakuteri, hata peremende tupu.

Neno ni la Kifaransa, charcuterie, na limetokana na chair, nyama, na cuite, iliyopikwa. Katika Paris ya karne ya 15 mafundi hao walikuwa tayari wana chama chao, mbali na wenye bucha, na walichoruhusiwa kuuza ni nyama ya nguruwe iliyokwisha kupikwa. Kazi ilipanuka baadaye, ndiyo maana leo hata paja la nguruwe la Bayonne, mji wa Ufaransa, ambalo haliguswi na moto, limo katika orodha. Kilichobaki palepale ni kwamba lazima fundi awe ameifanyia nyama kazi.

Na kazi yenyewe si ndogo. Prosciutto ya Parma ni paja la nguruwe na chumvi, halafu subira ya zaidi ya mwaka mzima. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya nyama, na bakteria waharibifu wakikosa maji hawastawi. Kwenye salami, soseji ya kukaushwa, huachiwa bakteria wengine, wale wanaokula sukari na kutoa asidi ya laktiki. Uchachu unaousikia ulimini ni wao. Nitriti, chumvi maalumu ya kuhifadhia nyama, huipa nyama rangi ya waridi na kuzuia bakteria wa botulizimu, ugonjwa ambao jina lake limetoka kwenye botulus, soseji kwa Kilatini. Watu walikufa kwa soseji zilizotengenezwa ovyo, kwa hiyo ufundi huu unastahili heshima kuliko kugeuzwa jina la mapambo ya meza. Rillettes nazo huchemka kwa saa nyingi ndani ya mafuta, nyama huchambuliwa nyuzinyuzi, kisha huzibwa juu kwa mafuta ili hewa isipenye.

Wengine hudhani tofauti iko kwenye bei. Haiko huko. Paja la nguruwe la kuchemsha lililokatwa vipande vyembamba na kufungwa kwenye plastiki ni shakuteri halali. Jibini ya bei ghali kuliko zote dukani si shakuteri. Kuku wa kuokwa jana na kupozwa naye si shakuteri, maana hakuna aliyemhifadhi, amepoa tu.

Wafaransa wenyewe hawachanganyi. Katika baa zao utakuta planche de charcuterie, utakuta planche de fromages ya jibini, na ukitaka vyote viwili unaagiza planche mixte, yaani ubao mchanganyiko. Kwa hiyo ukiweka salami na jibini pamoja, sema ubao wa nyama na jibini. Na kama kwenu nguruwe haliwi, bresaola ya paja la ng'ombe, iliyotiwa chumvi na kukaushwa, inahesabika bila wasiwasi.