Kuku na wali wa oveni kwa ladha ya Kiasia: mtihani ni mchele

Wengi wakipika mlo huu humhangaikia kuku. Kuku hana shida: paja lenye mfupa na ngozi huvumilia oveni hata ukilisahau dakika 10. Mtihani ni mchele unaoivia chini yake, na ukishafunua foili nafasi ya kuuokoa ni ndogo.

Trei yangu ni ya sentimita 33 kwa 23. Inaingia mapaja 6 (kama kilo 1), mchele mrefu gramu 300 na kitunguu maji kimoja. Viungo vya kuku: sosi ya soya vijiko vikubwa 4, asali kimoja na nusu, siki ya mchele kimoja, tangawizi iliyoparwa gramu 20 na kitunguu saumu punje 4. Chumvi usitie, soya inatosha. Mwache kwenye friji saa 1.

Osha mchele mpaka maji yaache kutoka meupe, kisha uchuje hadi uache kabisa kudondosha. Maji yanayojificha kwenye mchele nayo ni maji.

Futa viungo kwenye ngozi (asali huungua upesi), kaanga upande wa ngozi tu dakika 5, mtoe. Kwenye mafuta yaleyale lainisha kitunguu, mimina viungo vilivyobaki pamoja na maji ya moto, jumla mililita 550, uchemshe. Sasa mchele kwenye trei, mchuzi unaotokota juu yake, kuku juu kabisa, ngozi isizame.

Hapo kwenye kutokota ndipo watu hupunguza kazi, wakamimina maji ya bomba. Oveni hupasha taratibu. Maji baridi yakipata moto tayari mchele wa chini umelowa na kuvimba, wa juu bado mkavu. Matokeo ni trei moja yenye wali wa aina mbili: bokoboko chini, kiini juu.

Foili nayo: tumia mbili, uzibonyeze kwa vidole ukingo mzima, hasa kwenye pembe. Mvuke ukipata upenyo, mchele wa upande huo hubaki mgumu kama changarawe.

Nyuzi 190 za Selsiasi, dakika 35 ukiwa umefunikwa. Ukifunua, uso wa wali uwe na vitundu vidogo na mchuzi kidogo ukichemka pembeni. Kama umekauka na punje bado zina kiini, nyunyizia mililita 60 za maji yanayochemka, funika tena dakika 8. Usikoroge, utavunja punje na kuugeuza uji. Kisha dakika 15 wazi, ngozi ikauke na kung'aa.

Nyama ni salama ikifika nyuzi 74, lakini paja mimi hulipeleka 80 hadi 85, vinginevyo karibu na mfupa huvutika kama mpira. Likitoka, lipumzike dakika 10, ndipo nidondoshe kijiko kidogo cha mafuta ya ufuta na majani ya vitunguu. Mafuta hayo yakiingia oveni mwanzoni, harufu yake yote hupotea.

Mchele wa kahawia haufai kwa vipimo hivi. Kuku ataiva mapema mno kabla yake.

Wali uliobaki utandaze kwenye chombo kipana uingie friji ndani ya saa 1. Mbegu za bakteria *Bacillus cereus* huponea kwenye moto wa kupikia, na wali vuguvugu ulioachwa mezani ndio huziamsha.