Kocha wa gofu wa chuo kikuu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Baadhi ya wachezaji wanaokuja Nairobi kucheza Kenya Open, iwe Muthaiga au Karen, walipitia gofu ya vyuo vikuu vya Marekani kabla ya kuanza kulipwa. Tiger Woods naye alipita huko. Majina yao tunayajua. Makocha waliowakusanya na kuwalea katika miaka ile hatuwajui, na kwa sababu hiyo yamezagaa juu yao mambo mengi yasiyo kweli. Namtanguliza hapa Casey Martin, aliyeanza kuinoa timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Oregon mwaka 2006, maana simjui kocha mwingine ambaye maisha yake yanakanusha dhana hizi nyingi kwa pamoja.

Dhana: Gofu ni mchezo wa mtu mmoja, kocha hana la kufanya

Anayeitazama gofu ya kulipwa kwenye televisheni ana haki ya kufikiri hivyo. Gofu ya vyuo imepangwa tofauti. Timu huingiza wachezaji watano, kila mmoja na mpira wake, na mwisho wa raundi hujumlishwa mikwaju ya wanne waliofanya vizuri zaidi. Ya wa tano hutupwa. Kanuni hiyo fupi inabadilisha mchezo mzima. Kijana aliyeharibu mashimo matatu ya mwanzo hawezi kukata tamaa, kwa kuwa hajui kama mikwaju yake ndiyo itakayotupwa au ndiyo itakayoiokoa timu jioni.

Hakuna kedi, yaani msaidizi wa kubeba mkoba wa fimbo. Mchezaji hubeba mkoba wake mwenyewe au huusukuma kwenye kitoroli, na mashindano mengi ni ya mashimo 54, mara nyingi 36 kati ya hayo yakichezwa siku ya kwanza. Kocha hutembea uwanjani na anaruhusiwa kumshauri mchezaji wake: upepo umegeuka, usilenge bendera, lenga katikati ya kijani (eneo la nyasi fupi lenye shimo). Kufikia shimo la 30, mtu amechoka na miguu imekuwa mizito, na neno moja la namna hiyo linaweza kuokoa mikwaju miwili.

Lakini sehemu nzito zaidi ya kazi hufanyika kabla ya safari. Kikosi kina vijana wanane au tisa na wanaosafiri ni watano. Huchuana wao kwa wao nyumbani, na makocha wengi hujiachia nafasi moja au mbili za kuchagua wenyewe. Kumwambia kijana wa miaka 19, aliyekuwa bingwa wa nchi yake, kwamba wiki hii anabaki, kisha kumfanya aje mazoezini kesho yake akiwa bado anaipenda timu, ni kazi ya ukocha kamili. Kwa maoni yangu hapo ndipo makocha wazuri na wa kawaida hutengana.

Ubingwa wa taifa wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, nao uliongezewa uzito huo wa timu. Tangu 2009 kwa wanaume, na 2015 kwa wanawake, timu nane bora baada ya hatua ya mikwaju huingia kwenye mtoano wa ana kwa ana: jozi tano, na mwenye ushindi wa jozi tatu ndiye anayesonga mbele. Mwaka 2016 fainali ilichezwa Eugene Country Club, katika mji aliozaliwa Martin na ambao ndio makao ya chuo chake. Oregon dhidi ya Texas. Ikafika mbili kwa mbili, na jozi iliyobaki ikamaliza mashimo 18 bila mshindi. Sulman Raza wa Oregon alimshinda Taylor Funk kwenye shimo la 21. Bingwa binafsi wa mwaka ule alikuwa Aaron Wise wa timu hiyohiyo, kijana aliyekuja kushinda kwenye PGA Tour, ligi kuu ya gofu ya kulipwa ya Marekani, miaka miwili baadaye. Lakini pointi iliyoleta ubingwa wa kwanza wa gofu katika historia ya Oregon ilitoka kwa Raza.

Dhana: Ukimpata nyota mmoja, kombe limepatikana

Chukueni mfano wa Stanford. Kocha Wally Goodwin alitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1994 akiwa na timu iliyowajumuisha Notah Begay III na Casey Martin. Baada ya ubingwa huo ndipo Tiger Woods alipojiunga na chuo. Msimu wa kwanza wa Tiger, Begay na Martin walikuwa bado wapo, na wengi waliona kombe la 1995 limeshapata mwenyewe. Stanford ilifungana na Oklahoma State, ikaamuliwa kwa mchujo wa nyongeza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ubingwa ule, na Oklahoma State ikashinda. Mwaka 1996 Tiger akawa bingwa binafsi wa vyuo. Kombe la timu likaenda Arizona State. Kisha akaondoka kwenda kulipwa.

Kwa hiyo mchezaji aliyekuja kuitawala gofu ya dunia alikaa chuoni miaka miwili bila ubingwa wa timu. Hilo halimpunguzii Tiger chochote, wala halimpunguzii Goodwin. Linaonyesha tu kwamba wanahesabiwa wanne, na wa nne ana thamani ileile ya wa kwanza.

Dhana: Kazi ya kocha ni kurekebisha namna ya kupiga mpira

Wachezaji wengi wanaofika vyuo vikubwa wana mwalimu wao wa mkwaju, yaani wa namna ya kupiga mpira, aliyewafundisha tangu utotoni, na huendelea kuwasiliana naye. Kocha wa chuo anayekimbilia kuubadilisha mkwaju wa kijana aliyefika hapo kwa mkwaju huohuo anacheza na riziki ya mtu. Tena kanuni za NCAA zinampa saa 20 tu kwa wiki wakati wa msimu. Saa hizo huishia kwenye mipira mifupi ya kuzunguka kijani, kuusoma uwanja, kupanga ratiba na kujifunza kuamua vizuri chini ya shinikizo.

Dave Williams, aliyeipa Houston mataji 16 ya taifa kati ya 1956 na 1985, alitoka kwenye kufundisha uhandisi chuoni hapo. Sifa ya kuwa gwiji wa mkwaju hakuwa nayo. Alichojua ni kutafuta vijana, kuwashindanisha na kuandaa mashindano makubwa ambayo vyuo vingine vilitaka kuyaiga.

Kuna mkanganyiko mmoja unaohusu jambo hili ambao hurudiwa sana: kwamba Harvey Penick, mwalimu mpendwa wa Austin, ndiye aliyekuwa kocha wa Ben Crenshaw na Tom Kite walipoichezea Texas. Penick alikuwa kocha wa chuo hicho kuanzia 1931 hadi 1963. Crenshaw na Kite walikuwa wanafunzi wake wa mkwaju tangu wakiwa watoto; kocha wao chuoni, aliyetwaa nao mataji ya 1971 na 1972, alikuwa George Hannon. Penick alipofariki Aprili 1995, Crenshaw alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake, na siku chache baadaye akashinda Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu. Mapenzi yale yalikuwa ya mwanafunzi na mwalimu wake. Kuitenganisha kazi ya Penick na ya Hannon ni kuwapa wote wawili haki yao.

Dhana: Anayefundisha ni yule aliyeshindwa kucheza, na Martin alibebwa na kigari

Hapa nitakaa kidogo, maana ni uonevu unaonikera.

Casey Martin alizaliwa mwaka 1972 na ugonjwa adimu wa mishipa ya damu uitwao Klippel-Trenaunay-Weber. Damu haikurudi inavyopaswa kutoka mguu wake wa kulia. Mfupa ukaliwa, maumivu hayakuisha, na kila hatua ilikuwa na hatari ya kuvunjika. Hata hivyo alishinda mashindano 17 ya vijana ya chama cha gofu cha Oregon kabla ya kutimiza miaka 15. Akiwa Stanford, mguu ulipozidiwa, chuo kiliandika barua kuomba asamehewe kanuni ya kutembea na kubeba mkoba. Ombi likakubaliwa.

Alipotaka kuingia PGA Tour, ruhusa ya kutumia kigari cha gofu badala ya kutembea ikakataliwa. Akaenda mahakamani kwa kutumia sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Magwiji kama Jack Nicklaus na Arnold Palmer walitoa ushahidi wa kutetea kutembea. Tarehe 29 Mei 2001 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi kwa majaji saba dhidi ya wawili. Jaji John Paul Stevens aliandika kwamba kiini cha gofu ni kupiga mpira, na kwamba kigari hakibadilishi kiini hicho. Waliosema kigari kilimpa upendeleo wasome alichokubali jaji wa ngazi ya chini aliyesikiliza ushahidi: hata akiwa na kigari, Martin alilazimika kutembea zaidi ya maili moja katika raundi moja, na uchovu wake ulizidi ule wa mchezaji mzima anayetembea uwanja wote.

Na alicheza. Mwaka 1998 alishinda Lakeland Classic kwenye ligi ya pili ya kulipwa, na mwaka huohuo akamaliza akiwa amefungana katika nafasi ya 23 kwenye US Open pale Olympic Club, San Francisco. Mwaka 2000 alikuwa mwanachama kamili wa PGA Tour. Hakudumu huko, mguu ulikuwa unaharibika. Lakini mwaka 2012, akiwa kocha kwa miaka sita tayari, alipita mchujo akacheza tena US Open kwenye uwanja uleule. Niambieni ni kocha yupi wa chuo aliyeshindwa hivyo. Oktoba 2021 mguu ulikatwa, naye akarudi kuifundisha timu yake.

Upande mwingine wa dhana hii nao si sahihi: kwamba lazima kocha awe amecheza ngazi za juu. Williams wa Houston anatosha kuukanusha. Martin anajua maumivu ya kukosa nafasi, Williams alijua kupanga; wote wawili walifika.

Dhana: Ni kazi ya kupumzikia kwa mtu aliyezeeka kwenye gofu

Mike Holder aliiongoza Oklahoma State kuanzia 1973 hadi 2005 na kutwaa mataji manane ya taifa. Kazi yake kubwa nyingine haikuwa na mpira ndani yake: alihangaika miaka mingi kutafuta fedha za uwanja wa timu, na Karsten Creek, uliochorwa na Tom Fazio, ukafunguliwa mwaka 1994. Alipoacha ukocha akafanywa mkurugenzi wa michezo wa chuo kizima, na mapema 2006 tajiri wa mafuta T. Boone Pickens akakitolea chuo hicho dola milioni 165 kwa ajili ya michezo. Kocha wa gofu wa chuo ni mtafuta wachezaji, mwombaji wa fedha, mpanga safari na mlezi wa masomo. Watu huona tu zile saa anazotembea kwenye nyasi.

Wala si kazi ya wanaume peke yao. Linda Vollstedt aliiletea Arizona State mataji sita ya wanawake katika miaka ya 1990, na Anne Walker, mzaliwa wa Uskoti, ameiongoza Stanford kushinda mwaka 2015, 2022 na 2024.

Dhana: Kocha akikutaka, umepata masomo ya bure

Hili linawahusu moja kwa moja wazazi wa Nairobi, Kampala na Arusha wenye watoto wanaopiga vizuri. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza la NCAA kiliruhusiwa kutoa ufadhili wa nafasi 4.5 tu kwa timu nzima ya wanaume, na 6 kwa wanawake. Kocha alizigawa vipande: huyu nusu, yule robo, mwingine ada ya vitabu tu. Mwingine hakupata kitu, na bado alikuwa kwenye timu.

Kuanzia msimu wa 2025-26, baada ya mahakama kuidhinisha mapatano makubwa kati ya NCAA na wanamichezo, vyuo vilivyojiunga na mpango huo havina tena kikomo cha ufadhili. Badala yake vina kikomo cha kikosi: wachezaji tisa. Maana yake ni kwamba sheria inaruhusu wote tisa walipiwe kila kitu, lakini bajeti ya chuo ndiyo itakayosema. Na nafasi zenyewe zinaweza kupungua kwa yule kijana wa kumi ambaye zamani angekubaliwa kuja kwa gharama zake na kujifunza polepole.

Basi kocha anapoonyesha nia, muulizeni kwa adabu na kwa uwazi: ni kiasi gani, kwa miaka mingapi, na kitu gani kinaweza kukiondoa. Mtumieni matokeo ya mashindano yenye raundi nyingi, pamoja na urefu wa uwanja na wastani wa mikwaju ya uwanja huo, kwa sababu mikwaju 72 kwenye uwanja mfupi haimwambii chochote. Video ya mkwaju iwe fupi. Na asipojibu barua ya kijana wa kidato cha chini, msidhani amewadharau: kwa vyuo vya daraja la kwanza, kanuni haimruhusu kufanya mazungumzo ya kumsajili kabla ya Juni 15 baada ya mwaka wa pili wa sekondari kwa hesabu ya Marekani.