Kwa nini huyu anaamini Mungu yupo na yule ana shaka

Swali la kama Mungu yupo hubeba maswali kadhaa ndani yake, na mabishano mengi huharibikia hapo hapo mwanzoni. Mmoja akisema "naamini", anamaanisha Mungu anayesikia dua na kuingilia mambo ya kila siku. Mwingine anamaanisha chanzo kilichoanzisha ulimwengu kisha kikauacha ujiendeshe kwa kanuni zake. Msimamo huu wa pili huitwa udeisti, na ulikuwa na wafuasi wengi miongoni mwa wasomi wa Ulaya katika karne ya 18. Mtu anaweza kumkataa kabisa Mungu wa kwanza na asiwe na ugomvi wowote na huyo wa pili. Basi kabla ya kupima hoja, uliza: Mungu yupi?

Kinachofuata ni kutenganisha kuamini na kujua. Mwaka 1869 mwanabiolojia Mwingereza Thomas Henry Huxley alibuni neno lililotupa "uagnostiki", yaani msimamo kwamba jambo hili haliwezi kujulikana kwa uhakika, au angalau halijajulikana. Neno hilo linahusu ujuzi, halihusu imani. Yupo anayeamini huku akikiri kwamba hawezi kuthibitisha, na yupo asiyeamini huku akikiri hivyo hivyo. Kiswahili kina mtego wake hapa. Asiyeamini tunamwita mkanamungu, ilhali mtu hukana deni, hukana kosa, hukana mtoto wake, yaani hukataa jambo linalomhusu na ambalo pengine analijua fika. Mtu ambaye hajashawishika hajakana kitu. Neno limeshamhukumu kabla hajafungua kinywa.

Sasa tuje kwenye kiini. Wengi hudhani anayetofautiana nao hajauona ushahidi, au ameuona akaupuuza kwa ukaidi. Hesabu ya uwezekano inaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Chukua watu wawili waaminifu na tukio moja, tuseme mgonjwa aliyekatiwa tamaa akapona. Tuseme wote wanakubaliana kwamba tukio la namna hiyo lingetarajiwa mara 10 zaidi kama Mungu yupo kuliko kama hayupo. Wa kwanza alianza akiwa katikati, 1 kwa 1, yaani kuwepo na kutokuwepo aliviona na uzito sawa. Anazidisha kwa 10, anapata 10 kwa 1, yaani kama asilimia 91 kwamba Mungu yupo. Wa pili alianza akiliona jambo lenyewe kuwa gumu sana kusadikika, 1 kwa 100. Naye anazidisha kwa 10, anapata 10 kwa 100, yaani kama asilimia 9. Ushahidi ni mmoja, hesabu ni moja, na hakuna aliyekosea kuzidisha. Tena huyu wa pili amesogea sana, kutoka karibu asilimia 1 hadi 9, ingawa mwenzake atamwona hajatikisika. Katika maisha halisi hata hiyo 10 hugombaniwa: mwenye shaka atauliza ni wagonjwa wangapi waliombewa vilevile na hawakupona.

Swali basi linarudi nyuma: kianzio kinatoka wapi? Kwa sehemu kubwa, malezi. Lakini maneno ya wazazi peke yake hayatoshi. Mwaka 2009 mwanaanthropolojia Joseph Henrich alieleza kwamba mtu hupokea imani kwa wepesi zaidi anapoona wanaoihubiri wanaigharamia: wanafunga, wanatoa mali, wanaacha faida kwa ajili yake. Nyumba inayomtaja Mungu kila saa bila kujinyima chochote inaweza kulea mwenye shaka bila kukusudia. Kuna pia tabia ya akili yenyewe. Majani yakitikisika gizani, tunadhani kuna mtu au mnyama kabla ya kudhani ni upepo, kwa sababu kukosea upande huo ni hasara ndogo, na kukosea upande wa pili kunaweza kuua. Baadhi ya watafiti wanaona humo mbegu ya kuhisi kwamba kuna nafsi nyuma ya matukio.

Hapa pande zote mbili huteleza. Kueleza jinsi imani ilivyoingia kichwani si kuonyesha kwamba ni ya uongo. Hata jedwali la kuzidisha tulifundishwa utotoni, na 7 mara 8 bado ni 56. Vilevile, kumwambia mwenye shaka kwamba ana hasira na baba yake au na viongozi wa dini hakujibu hoja yake hata moja.

Hoja zenyewe pia hazigawanyi watu kama inavyodhaniwa. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo, na kila chenye mwanzo kina aliyekianzisha. Aliyempinga vikali baadaye alikuwa mwanafalsafa Ibn Rushd, Mwislamu mwenzake, aliyeona kwamba ulimwengu unaweza kuwa wa milele na bado ukamtegemea Mungu. Upande wa shaka, hoja nzito kuliko zote ni mateso. Tetemeko la Lisbon, mji mkuu wa Ureno, lilipiga asubuhi ya Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa. Jibu la kwamba uovu hutokana na hiari ya binadamu linafaa kwa wizi na vita, ila tetemeko halina hiari ya mtu.

Na je, mtu anaweza kuchagua tu kuamini? Mwanahisabati Mfaransa Blaise Pascal, katika maandiko yaliyochapishwa mwaka 1670 baada ya kifo chake, alishauri kwamba dau la busara ni kuishi kama Mungu yupo: akiwepo utapata yote, asipokuwepo hupotezi kitu. Pingamizi linalorudiwa sana ni kwamba dini ni nyingi, na dau halisemi umwekee Mungu yupi. Lakini Pascal alijua pia kwamba imani haiji kwa amri. Kwa anayetaka kuamini na hawezi, ushauri wake ulikuwa wa vitendo: afanye wanayofanya waumini, achovye maji ya baraka, aombe misa zisomwe, na moyo utafuata polepole.