Injini ndogo yenye tabo, na mafuta inayokula kweli

Kwetu gari hupimwa kwa cc. Ushuru wa bidhaa nchini Tanzania na Kenya nao huangalia cc, na mnunuzi akisikia 1600 anaona tayari ameshajua atatumia mafuta kiasi gani. Kwa injini ya kawaida hakosei sana. Kwa injini yenye tabo, hasa ya gari la kasi, anakosea mno.

Injini huchoma petroli kulingana na hewa iliyoingia kwenye silinda: kwa gramu 1 ya petroli, hewa gramu 14.7 hivi. Tabo ni pangaboi dogo linalozungushwa na moshi wa ekzosi, na kazi yake ni kusindilia hewa ya ziada. Ikiongeza shinikizo la bar 1 juu ya lile la kawaida, silinda hupata hewa karibu maradufu, na kompyuta ya injini humwaga petroli ya kutosha hewa hiyo. Wakati huo 1600 yako inafanya kazi ya 3200, na inakula kama 3200.

Faida yake iko kwenye mwendo wa pole. Gari dogo likienda kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare linahitaji nguvu za farasi 20 tu, au zaidi kidogo. Injini kubwa ikitakiwa kutoa kidogo hivyo hubanwa koo: mlango wa hewa unakaribia kufungwa, pistoni zinahangaika kuvuta pumzi, na hangaiko hilo linalipiwa kwa mafuta. Injini ndogo haibanwi kiasi hicho, na vyuma vinavyosuguana ndani yake ni vichache.

Chukua Toyota GR Yaris iliyotoka mwaka 2020. Silinda 3, cc 1,618, na toleo la Ulaya lina farasi 261. Kipimo rasmi cha Ulaya kiliipa lita 8.2 kwa kilomita 100, yaani kama kilomita 12 kwa lita. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, si haba. Lakini piga hesabu ya farasi wote 261 wakiwa kazini: petroli inapita zaidi ya lita 1 kwa dakika, na tanki la lita 50 lingekauka kabla ya saa moja. Hakuna anayekanyaga hivyo saa nzima. Ila anayelipeleka kwenye uwanja wa mashindano akapata kilomita 5 kwa lita, asimlaumu fundi.

Joto nalo lina gharama yake. Hewa iliyosindiliwa hupata joto kali, na mchanganyiko unaweza kulipuka kabla ya wakati na kuharibu pistoni. Kwa hiyo kompyuta huchelewesha cheche, na katika injini nyingi humwaga petroli ya ziada isiyo na kazi nyingine ila kupoza silinda na tabo. Hayo ni mafuta yasiyokusogeza hata hatua. Wahandisi pia hupunguza mgandamizo, yaani mara ngapi pistoni inaubana mchanganyiko kabla ya kuwashwa: Mercedes-AMG A45 ya mwaka 2013, farasi 360 kutoka lita 2, ilikuwa na 8.6 kwa 1, wakati Mazda isiyo na tabo ilifika 14 kwa 1. Mgandamizo mdogo hupoteza mafuta hata ukiendesha kistaarabu.

Ndiyo maana Subaru Impreza WRX za mtumba kutoka Japani hulalamikiwa sana. Zilipangwa kwa petroli ya Japani yenye oktani (kipimo cha kuhimili kulipuka kabla ya wakati) karibu 100. Ukizitilia ya chini, cheche inazidi kucheleweshwa, nguvu inapungua, na dereva anaongeza mguu.

Vipimo vya zamani vya Ulaya vilizipendelea injini hizi waziwazi. Gari lilipewa sekunde 26 kufika kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao tabo haina haja ya kuamka. Kipimo kipya cha WLTP, kilichoanza Septemba 2017, ni kikali zaidi, lakini bado hakiendeshi kama mtu aliyenunua farasi 261 ili awatumie.

Ukitaka namba ya gari lako, jaza tanki mpaka pampu ikate, tembea wiki yako ya kawaida, jaza tena pampu ileile, kisha gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Namba ya kwenye dashibodi mara nyingi humsifia mwenye gari kupita kiasi.