Weupe si wingi: MRI ndani ya bomba la kichocheo

Juzi kaja mhandisi na bomba lake la glasi, upana wa vidole viwili, limejaa punje za rezini ya asidi, ambayo ndiyo kichocheo, zilizolowa methanoli. Picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio, ilipotokea akaigusa kwa kidole: "Hapa panang'aa, kwa hiyo hapa ndipo mmenyuko umekolea." Nikamwonyesha pampu ya asidi ya asetiki, ambayo ndiyo inayomenyuka na methanoli. Ilikuwa bado imezimwa. Hakukuwa na mmenyuko wowote humo ndani.

Sentensi hiyo nimeisikia hadi naweza kummalizia mtu kabla hajafumbua mdomo. Naijibu kwa maandishi, nipumzike.

Dhana: panapong'aa ndipo penye kitu kingi, au ndipo mmenyuko unapokwenda kasi.

Hapana! Weupe wa picha ya MRI unatokana na idadi ya viini vya haidrojeni, ndiyo, lakini pia T1 (muda wa viini kurudi katika hali yao baada ya mpigo wa mawimbi ya redio), T2 (muda wa mwangwi wao kufifia) na mwendo wa kimiminika. Anayeusoma kama wingi peke yake ameyatupa hayo matatu.

Chukua hesabu ndogo. Tuseme kimiminika kilicho huru kati ya punje kina T1 na T2 za sekunde 2. Kilichobanwa kwenye vitundu vya punje kina T1 ya milisekunde 200 na T2 ya milisekunde 10. Piga picha ukirudia mpigo kila sekunde 1 na kusikiliza mwangwi baada ya milisekunde 1: kimiminika huru kinatoa asilimia 39 tu ya mawimbi yake, cha ndani ya punje asilimia 90. Punje zinawaka. Sasa subiri sekunde 10 kati ya mipigo, mwangwi uusikilize baada ya milisekunde 20: huru kinatoa asilimia 98, cha ndani 14. Punje zimezimika. Bomba ni lilelile, methanoli ni ileile, hakuna aliyegusa kitu isipokuwa mimi na kibodi.

Mwendo ndio unaodanganya zaidi. Kimiminika kinachokimbia hutoka kwenye kipande kinachopigwa picha kabla mpigo wa pili haujafika, kwa hiyo hakirudishi mwangwi. Njia inayobeba kimiminika kingi kuliko zote inatokea nyeusi. Mara nyingi iko kando ya ukuta, kwa sababu punje za duara haziwezi kubanana vizuri na ukuta na nafasi inabaki. Mteja mmoja aliniambia pale "hapajalowa".

Ukitaka kujua mmenyuko umefika wapi, soma spektra, yaani mchoro wa vilele unaotenganisha mawimbi ya viini kwa masafa yao. Kundi la Lynn Gladden kule Cambridge lilifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa methanoli na asidi ya asetiki zikitengeneza esta juu ya rezini. Haidrojeni za OH za asidi, methanoli na maji hubadilishana upesi mno kiasi kwamba unapata kilele kimoja, na mahali kilipokaa ni wastani wa zote. Asidi ikiliwa, kilele kinahama. Unasoma mahali pake, urefu wake uache. (Rezini nayo inakivuta kilele cha kimiminika kilicho ndani yake, basi linganisha kwa rezini hiyohiyo, si kwa chupa tupu.) Walipogawa bomba vipande vidogo, hata sehemu zilizo kimo kimoja zilitofautiana kiwango cha mmenyuko. Anayepima kwenye mdomo wa kutokea anapata wastani tu.

Ushauri wangu, na nitaurudia hadi nistaafu: pima ramani za T1 na T2 kwanza, na funga kijibomba kilichozibwa chenye kimiminika hichohicho pembeni kama rejea. Watu wananiona mkaidi. Sawa.

Dhana: mnaona kichocheo chenyewe. Tunaona kimiminika. Mawimbi ya yabisi hufa kabla hatujaanza kusikiliza. Punje kavu ni giza.

Dhana: vitundu vya punje vinaonekana. Kijisanduku kimoja cha picha kina upana wa sehemu ya kumi ya milimita hivi. Kitundu cha nanomita 10 ni kidogo mara 10,000.

Dhana: ina mionzi ya nyuklia. Ni mawimbi ya redio, megahezi 300 kwenye sumaku ya tesla 7. Tuendelee.

Dhana: chuma cha pua hakivutwi na sumaku, basi kinafaa. Hata kama hakivutwi, kinapitisha umeme, na mawimbi ya redio hayapenyi ukuta wake. Leta glasi, plastiki ya PEEK au kauri. Nikeli na kobalti ndani ya punje zinapinda uga wa sumaku na kuharibu picha. Paladi juu ya alumina haina shida: Igor Koptyug na wenzake kule Novosibirsk, Urusi, walitazama kimiminika ndani ya punje moja yake ikifanya kazi.

Dhana: gesi haiwezekani. Ni ngumu, kwa kuwa katika kanieneo ya kawaida gesi ina viini vichache kuliko kimiminika kwa takriban mara elfu. Ndiyo maana hutumiwa parahaidrojeni, yaani gesi ya haidrojeni ambayo spini za viini viwili vya kila molekuli zimepangwa kinyume, na ambayo hukuza mawimbi mno. Mwaka 2008 Louis Bouchard, Alexander Pines na wenzao waliitumia kupiga picha ndani ya riakta ndogondogo. Sharti atomi mbili za molekuli moja ya haidrojeni hiyo zitue pamoja kwenye molekuli moja ya zao la mmenyuko. Juu ya metali atomi hizo hupenda kutangatanga na kuachana, na sehemu kubwa ya faida hupotea hapo.