Kusimika sanaa kwenye bustani ya mimea: anza na mizizi

Kabla msanii hajachora chochote, mtu ashike futi kamba azungukie kila mti ulio karibu na eneo linalotakiwa. Pima mzingo wa shina kwenye kimo cha mita 1.5 kutoka ardhini, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha kipenyo hicho mara 12. Jibu ni umbali kutoka kwenye shina ambao ndani yake hakuna kuchimba, kushindilia wala kumwaga zege. Shina lenye mzingo wa sentimita 188 lina kipenyo cha sentimita 60 hivi, kwa hiyo mti huo unalindwa mita 7.2 kila upande. Kanuni hii imo kwenye kiwango cha Uingereza cha kulinda miti wakati wa ujenzi, na ukomo wake ni mita 15 hata shina liwe nene vipi.

Mizizi mingi ya kufyonza maji iko ndani ya sentimita 60 za juu za udongo, na huenea kupita kivuli cha mti wenyewe. Gari la kuleta vyuma likipita hapo udongo ukiwa umelowa, matundu ya hewa ardhini yanazibika na mizizi inakosa oksijeni. Ubaya wa jeraha hili ni kwamba linachelewa kuonekana: matawi ya juu huanza kukauka msimu mmoja au zaidi baadaye, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka gari lilipita wapi. Kama lazima kupita, tandaza vipande vidogo vya mti uliosagwa, tabaka la sentimita 15, panga juu yake plaiwudi nene, na mizigo ivutwe kwa toroli.

Kwa nguzo, naziamini zile za chuma zenye skrubu pana zinazozungushwa kushuka ardhini, kwa sababu hutolewa kwa kuzungushwa kinyume na hazihitaji zege. Zege bichi lina pH (kipimo cha asidi na alkali) inayozidi 12, yaani alkali kali, na maji yake yakichuruzika huunguza mizizi midogo. Kabla ya kila nguzo, chimba kwa mkono tundu la kujaribia. Ukikutana na mzizi wenye unene wa sentimita 2.5 au zaidi, fukia na usogeze nguzo. Msanii anayebuni kazi kwa ajili ya mahali fulani tu anapaswa kuupokea mchoro uliosogezwa kama sehemu ya utunzi wake. Mahali penyewe pamesema neno.

Upepo nao upigiwe hesabu mapema. Ukivuma kwa mita 20 kwa sekunde husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 25. Pazia la mita nne za mraba basi linavuta kama kilo 100, na likiwa limefungwa kwenye tawi, tawi ndilo linalolipa. Kitambaa cha wavu hupunguza mzigo huo.

Mwaka 2021, kwenye maonyesho ya msanii wa Japani, Yayoi Kusama, katika bustani ya mimea ya New York Botanical Garden, Marekani, mashina ya miti yalivikwa kitambaa chekundu chenye madoa meupe. Kazi ya namna hii inadai uangalizi kuliko inavyodhaniwa. Chini ya gome kuna tabaka jembamba linaloshusha sukari kutoka kwenye majani kwenda mizizini. Waya au kamba nyembamba ikikaza hapo, shina linaendelea kunenepa, kamba inabaki palepale, na sukari inakwama. Dalili yake ni uvimbe juu kidogo ya kamba. Ukiuona, toa kamba yote siku hiyohiyo. Kitambaa kiachiwe nafasi ya vidole viwili, kifungwe kwa velkro au lastiki bila stepla wala msumari, na kiwe kinachopitisha hewa, kwani plastiki hufungia unyevu na kualika kuvu. Kila wiki mbili kifunguliwe, gome likaguliwe kwa mkono na jicho.

Katika maonyesho hayohayo mipira 1,400 ya chuma cha pua ilielea juu ya maji, ikisukumwa na upepo. Mng'ao wake hauunguzi majani, kwa kuwa uso uliobinuka nje hutawanya mwanga. Kioo kilichobonyea kama sahani hukusanya jua mahali pamoja. Hicho usikiweke karibu na mmea wowote.

Patrick Dougherty, msanii Mmarekani, husuka majumba ya fito, mara nyingi za mwerebi (willow), kwa muda wa wiki tatu hivi, nayo hudumu miaka kama miwili. Hapa kuna mtego: fito mbichi ya mwerebi ikichomekwa ardhini huota, kama inavyoota fito ya mgliricidia kwenye ua huku kwetu. Fito zitoke mahali panapojulikana, zikaguliwe wadudu na mbegu. Kwetu ongeza mchwa: ncha inayogusa udongo ndiyo huliwa kwanza.

Na lipo jengo la The Hive (Mzinga) la msanii Mwingereza Wolfgang Buttress, mita 17 kwenda juu, lililotengenezwa kwa ajili ya Expo ya Milan mwaka 2015 na kuhamishiwa bustani ya mimea ya Kew, London, mwaka 2016. Taa zake zipatazo 1,000 huwaka kwa kufuata mitetemo ya nyuki wa mzinga ulioko Kew. Kwa maoni yangu hapo ndipo lilipokuwa mali ya bustani ile, maana nyuki wakitulia, nalo linatulia.

Jambo la mwisho la kukagua kabla ya kufungua geti ni vibao vya mimea. Namba iliyo kwenye kibao ndiyo inayounganisha mmea na kumbukumbu zake: jina la kisayansi, ulikotoka, mwaka ulipoingia. Kibao kikifunikwa au kung'olewa kupisha njia ya wageni, mtafiti anapoteza mmea ingawa bado umesimama. Piga picha kila kibao kikiwa mahali pake, na siku ya kubomoa zitumie picha hizo kuhakiki kimoja kimoja, kisha rudisha kwenye kila tundu udongo uleule uliotoka humo.